Barafu ya Kifini na Jicho la Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Likizo imeanza. Siku kumi na nne bila kuhesabu mifuko kwenye stoo ya kiwanda pale Zegereni, Kibaha. Nimepanga kuangalia filamu kumi na nne kutoka nchi kumi na nne na kuandika maoni yangu kwa kila moja. Hakuna anayeyasoma maoni hayo. Halijawahi kunizuia hilo.

Saa kumi na mbili asubuhi mke wangu Paskalia kaharibu mpango wote, huku akitafuta kiatu chake cha kwendea shuleni anakofundisha. Mama yake anafika leo kutoka Kisarawe. Atakaa kwetu mpaka Alhamisi ya tarehe 24, siku aliyopangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto halioni kitu. La kulia linaona mwanga na vivuli. Wataanza na la kushoto.

Mwaka jana alipangiwa siku kama hiyo. Alfajiri yake akatoroka. Tulimkuta kwake Kisarawe, anachambua mchele kwa kupapasa. Daktari kasema safari hii asikose, kwa sababu kadiri linavyokaa ndivyo kazi inavyozidi kuwa ngumu.

Paskalia kaniambia kazi yangu ni moja tu: mama asiondoke. Nimemjibu kwamba mtu aliyeangalia filamu 214 kutoka nchi 31 hawezi kushindwa kumkalisha mama mmoja kwenye kochi. Kaniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyesahau daftari.

Mama Laurensia kafika saa tano. Nimemwamkia, kaitikia, kauliza basi la kurudi Kisarawe linapita saa ngapi.

Nina mpango. Nitamfundisha sinema ya kweli. Mtu akiionja hawezi kuondoka.

Jumanne, 15 Julai

Nimeanza na filamu bora kuliko zote nilizonazo. Ya Kifini. Saa mbili na dakika hamsini. Mzee kakaa kando ya ziwa, anasubiri barafu iyeyuke. Dakika 41 za mwanzo hakuna anayesema neno.

Naomba nieleweke. Filamu ya Kimarekani ya mwisho niliyoangalia ilikuwa na magari 61 yaliyolipuka. Nilihesabu. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza habari za bima. Filamu zetu za hapa nazo, mwanamke anapanda ngazi dakika nne nzima huku muziki unalia. Huo ni uvivu. Lakini mzee wa Kifini akikaa dakika 41, hiyo ni tafakuri. Paskalia haoni tofauti. Anafundisha hisabati.

Mkwe na mama mkwe hawakai kochi moja, kwa hiyo mama kakaa kwenye kochi, mimi kigoda mlangoni.

Dakika ya 9: kauliza kama umeme umekatika. Nimesema hapana.

Dakika ya 17: kauliza hiyo sauti ni ya nini. Upepo.

Dakika ya 26: kauliza kama huyo mtu ni mzima. Nimesema anafikiri. Kasema ndugu zake wapewe pole.

Dakika ya 33: kauliza begi lake limewekwa wapi.

Nimekumbuka kwa kuchelewa kwamba maandishi ya chini hayamsaidii mtu asiyeona. Dosari ndogo ya kiufundi.

Jumatano, 16 Julai

Leo ya Kiitaliano. Ina maneno mengi. Mama katulia saa nzima, mikono mapajani. Nikajipongeza. Mara mbili kaitikia "Amina". Mara ya pili wanandoa walikuwa wanagombania talaka. Alidhani ni misa ya huko kwa Baba Mtakatifu.

Nilipomweleza, kavunjika moyo. Kisha kasema wazi: Ijumaa anaondoka. Jumamosi saa nane mchana Isihaka anaonyesha sehemu ya pili ya filamu ya Kihindi.

Huyu Isihaka lazima nimweleze. Ana banda la video Kisarawe, limepakana ukuta na nyumba ya mama. Ni DJ. Anapunguza sauti ya filamu ya nje, anashika kipaza sauti, halafu anatafsiri. "Kutafsiri" ni kumpa heshima asiyostahili. Wahindi wote kawabatiza upya. Kwenye hii filamu ya sasa, polisi anaitwa Inspekta Mfaume, ndugu yake aliyepotea utotoni akawa jambazi anaitwa Kibwana, na msichana ni Kidawa. Mto wa India anauita Ruvu. Farasi wakitoka mjini, anasema wamepita Mzenga wanaelekea Maneromango. Mwaka jana nilimwandikia barua yenye hoja saba kuhusu wajibu wa kuiheshimu kazi ya msanii, nikimtolea mfano wa mzee wa Kifini na barafu yake. Hakujibu. Nasikia mke wake aliifungia karanga.

Miaka miwili sasa mama anamsikiliza kupitia ukutani. Sehemu ya kwanza iliisha Kibwana ana risasi begani, kaanguka mto Ruvu. Sasa mama halali vizuri.

Nimemkumbusha habari za jicho. Kajibu bila kupandisha sauti: "Jicho la nini, baba? Isihaka si ananionea?"

Nimeandika tu hapa kwamba hiyo ndiyo hasara ya ma-DJ.

Usiku Paskalia kaniambia mama yake haogopi kutoona. Anaogopa kisu. Isihaka ni kisingizio tu.

Ijumaa, 18 Julai

Saa mbili asubuhi kochi tupu! Begi halipo!

Nimekimbia mpaka kituoni Kwa Mathias na kandambili. Nimemkuta kasimama kwenye kivuli cha duka la vipodozi, kashikwa mkono na jirani yetu Fadhila, wanaulizia basi. Fadhila kasema alidhani mimi ndiye niliyemtuma. Kaongeza kwamba kandambili zangu zote ni za kulia.

Mama hakutaka kurudi. Watu wakaanza kutazama. Nikaona sura ya Paskalia mbele yangu. Nikatamka neno ambalo sikutegemea kulitamka maishani: kwamba kesho nitakwenda mwenyewe kwa Isihaka, nitamletea sehemu ya pili.

Kasema hataki filamu, anataka filamu na Isihaka.

Nimesema nitairekodi sauti yake kwa simu. Kaniuliza kama naapa. Nimeapa. Kampa Fadhila begi alibebe, tukarudi nyumbani mmoja nyuma ya mwingine.

Mtu mwenye msimamo, katikati ya Kwa Mathias, kaapa kurekodi DJ.

Jumamosi, 19 Julai

Kisarawe. Nimevaa shati la mistari, nimebeba gazeti la kuficha simu. Isihaka ananifahamu, kwa hiyo nimeingia baada ya taa kuzimwa, nikakaa benchi la nyuma. Mpango safi.

Dakika hamsini zimekwenda vizuri. Lazima nikiri kwamba mtu yule ana pumzi. Anaigiza sauti ya Inspekta, ya jambazi, ya mlango na ya mbwa. Kibwana hakufa mtoni. Kaokolewa na mvuvi ambaye Isihaka kampa undugu na mtu aliyekuwa kakaa benchi la mbele. Mtu huyo kashangilia kama karithi nyumba.

Kisha Inspekta akaanza kupanda ngazi na bastola. Banda zima kimya. Simu yangu ikawaka, gazeti likawa kama taa ya chemli.

Isihaka hakusita hata kidogo. Kwa sauti ileile ya Inspekta kasema: "Ngoja! Nasikia harufu ya jasusi! Yule bwana wa mistari kule nyuma, unasoma gazeti gizani? Lete matokeo ya mpira basi!"

Vichwa 43 vimegeuka. Nilihesabu.

"Aa! Kumbe mkwe wa jirani yangu Mama Laurensia! Yule wa hoja saba! Jamani, msogezeeni benchi msomi wetu. Bwana mkubwa, karibu. Huku kwetu watu wanatembea, hawasubiri barafu."

Kicheko. Mtu mmoja kachapa benchi kwa kiganja. Nimesimama, nimekunja gazeti langu taratibu, nimetoka kwa hadhi. Mlango ulikuwa upande wa pili. Nimerudi, nimepita mbele ya skrini. Isihaka katangaza: "Na huyo ni Inspekta wa Kibaha, anapita tu."

Kituoni nimekagua simu. Sauti ipo. Lakini imekatika palepale simu ilipowaka. Ile ilikuwa taarifa: nafasi imejaa.

Nafasi imejazwa na filamu ya Kifini. Huwa natembea nayo kwa dharura.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa nimemchezea mama rekodi. Kasogeza sikio mpaka likagusa simu. Kacheka, kashika mdomo, kamhurumia Kibwana, kamsema mvuvi kwa kuchelewa. Kasema Isihaka ana mafua, inasikika.

Inspekta kapanda ngazi. Ngazi ya tatu. Ya nne. Kimya.

Mama kauliza: "Ehe?"

Nimesema imeishia hapo. Kauliza imeishiaje, mtu yuko ngazini. Nimesema simu ilijaa. Kauliza nilichokiona mwenyewe baada ya hapo. Nimesema nilitoka. Kauliza kwa nini. Nimesema kwa sababu za kisanii.

Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu kuliko wa Kifini. Kisha kamwita Paskalia, kamwambia kesho kutwa alfajiri anakwenda kwake, na huyu mumewe asimsindikize.

Paskalia hakunigombeza. Kakaa jikoni, anakatakata kitunguu ambacho kilikuwa kimeshakwisha kukatwa. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi nimekwenda Kwa Mathias kwenye duka wanakowawekea watu nyimbo na filamu kwenye flashi. Nimeomba sehemu ya pili. Muuzaji kauliza, ya DJ? Nimesema halisi. Kasema halisi haiulizwi na watu, lakini kaipata.

Nyumbani nimegundua kwamba halisi ni Kihindi kitupu. Hakuna hata maandishi ya chini.

Hakukuwa na njia. Saa kumi jioni nimemkalisha mama kwenye kochi, nimekaa kigoda changu mlangoni, nimesogeza filamu mpaka kwenye ngazi. Nimetangaza kwanza: mimi si DJ. Nitasema kinachoonekana tu. Sitaongeza neno.

Inspekta kafungua mlango. Kibwana yuko ndani. Inspekta kaanza kuongea sana. Mama kauliza anasema nini. Sijui Kihindi. Nimesema anamsalimia.

"Kwa bastola?"

Nimesema ni salamu za kipolisi.

Mama kauliza wako wapi. Nimesema Mumbai. Kasema hapana, Isihaka aliwaacha Mzenga. Nimesema wamesogea kidogo. Fadhila, ambaye alikuwa kashafika dirishani na mahindi yake ya kuchoma, kauliza kwani Mzenga na Mumbai ni mbali? Nimesema si mbali sana.

Hapo ndipo nilipopotea. Inspekta kaona kovu kwenye mkono wa Kibwana, kalia. Nimesema kovu lilitokana na sufuria ya uji walipokuwa watoto Maneromango. Sijui lilitoka wapi neno hilo. Mama kajifuta pua. Dirishani vichwa vimekuwa vitano.

Kisha paa la nyumba. Mvua. Kibwana na Kidawa peke yao. Muziki ukapungua. Nyuso zikaanza kusogeleana.

Nikajua kinachokuja. Wahindi wa zamani walikuwa wanajificha nyuma ya mti. Hawa wa siku hizi hawana mti.

Mama kauliza: "Sasa wanafanya nini, baba?"

Kuna maneno ambayo mkwe hayatamki mbele ya mama mkwe. Paskalia alikuwa kasimama mlango wa jikoni na mwiko, macho yamemtoka. Fadhila kaacha kutafuna.

Nimesema: "Anamwangalia jicho."

"Jicho lina nini?"

"Mtoto wa jicho."

Nilitegemea watamaliza. Hawakumaliza! Sekunde 48! Nikalazimika kuzijaza. Nilikuwa nimesoma karatasi ya maelezo waliyotupa hospitali, nikaimwaga yote. Kwamba kamtia dawa ya ganzi, haumii, anasikia maji maji tu. Kwamba hakuna kisu cha kutisha, ni kitundu kidogo kuliko punje ya mchele. Kwamba anatoa ule ukungu, anaweka kioo kipya. Kwamba ni muda wa kuchemsha maharage mabichi, si makavu.

Fadhila kauliza Kibwana si jambazi? Nimesema alisomea udaktari kabla ya ujambazi.

Mama kauliza kwa sauti ndogo kama Kidawa analia.

Nimeangalia. Nimesema hapana. Ametulia kabisa.

"Kafumbua macho?"

Wakati huohuo, namshukuru mwongozaji, wakaachana. Nimesema kafumbua. Anaona.

"Anamwona nani kwanza?"

Mwanamke wa makamo katokea na sinia la vikombe. Nimesema: "Mama yake."

Mama Laurensia kaweka kitenge chake sawa begani. Hakuuliza tena kitu mpaka mwisho, hata Inspekta alipokumbatiana na ndugu yake. Filamu ilipoisha kamuuliza Paskalia ile Alhamisi ni saa ngapi.

Naandika haya kwa aibu. Nimeipotosha kazi ya msanii. Nimefanya alichofanya Isihaka, tena mbele ya mashahidi watano.

Paskalia kanimiminia chai mara mbili na kuniwekea nyama ya mfupa. Sijui kwa nini.

Jumanne, 22 Julai

Mama hajagusa begi. Kalala mpaka saa moja. Nimetafakari sana sababu, na nimeipata: ni ile filamu ya Kifini. Sinema ya kweli inafanya kazi polepole. Mbegu ya subira niliipanda Jumanne iliyopita, imeota wiki nzima baadaye. Nimemwambia Paskalia. Kasema ndiyo, bila shaka ni barafu, akaenda chumbani kucheka jambo jingine.

Alhamisi, 24 Julai

Hospitali saa moja asubuhi. Mama kashika mkono wa Paskalia mpaka mlangoni. Daktari kijana, mpole. Mama kamwamkia vizuri, halafu kamuuliza kama aliwahi kuwa jambazi. Daktari kasema hapana. Mama kasema si neno, hata hivyo aendelee.

Tumesubiri kwenye benchi. Nimeangalia ukuta, sikuwaza filamu yoyote. Ni mara ya kwanza tangu mwaka 2009.

Katoka kwa miguu yake, jicho limefunikwa bandeji. Kasema kweli ni maji maji tu.

Ijumaa, 25 Julai

Bandeji imetolewa saa tatu.

Mama kapepesa. Kamtazama Paskalia muda mrefu. Kamshika shavu, kasema: "Una mvi, mwanangu. Hukuniambia." Paskalia kalia. Nesi kamkataza mama kulia, kwa ajili ya jicho. Mama kajizuia kwa kunitazama mimi.

Kasema: "Kumbe mkwe ni mfupi. Sauti ilikuwa ndefu."

Jumamosi, 26 Julai

Hatari. Mama anataka kuiona ile sehemu ya pili kwa jicho lake.

Mpango wa kwanza: nimesema flashi imepotea. Kaiona juu ya kabati. Anaona kila kitu sasa. Mpango wa pili: nimeificha kwenye mtungi wa unga. Fadhila kaja kuazima unga.

Saa kumi jioni, watu walewale, dirisha lilelile. Ikafika paa la nyumba. Mvua. Mimi kigodani nimeangalia dari. Dari yetu ina misumari 26 inayoonekana kutoka mlangoni.

Sekunde 48.

Mama hakusema neno mpaka sinia la vikombe lilipotokea. Kisha kasema taratibu, bila kunigeukia:

"Daktari huyu ana mkono mwepesi. Sijauona hata kidogo."

Fadhila kaanguka na kiti chake nje ya dirisha.

Jumapili, 27 Julai

Kesho namrudisha mama Kisarawe. Leo baada ya chakula kasema anataka kuona ile ya yule marehemu kando ya maji. Nimemwambia si marehemu. Kasema ndiyo anataka kuhakikisha.

Hatimaye! Jicho zima, filamu halisi, hakuna DJ. Nimefunga pazia, nimekaa kigodani.

Dakika ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Mama kainama mbele, haulizi wala hapumui kwa sauti. Nikaona amepotea njia, maskini, hana wa kumshika mkono. Nikamsaidia kidogo tu. Nimesema mzee huyu ni mfugaji wa Magindu. Nimesema ng'ombe wake watatu wamepita chini ya barafu, anasubiri watokee upande wa pili. Nimeigiza sauti ya upepo, ingawa upepo ulikuwepo. Ng'ombe wa kwanza anaitwa Sikujua. Wa pili nilikuwa naanza kumweleza.

Mama kainua mkono.

"Baba, nyamaza. Naangalia."

Kaangalia saa mbili na dakika hamsini. Barafu ilipopasuka kashika kifua kwa mikono miwili. Mwisho kabisa kasema hajawahi kuona kitu cheupe namna ile, na tusiwashe taa kwanza.

Nimesikitika. Mama wa watu anajitahidi, lakini sinema bado hajaielewa. Filamu nzito kama ile haiangaliwi hivihivi, inahitaji mtu wa kuielezea.

Nimekwisha kuandika barua ya pili kwa Isihaka, hoja tisa, kuhusu kosa la kusema juu ya filamu za watu. Nitampa kesho mkononi. Nitamwomba pia aniazime kipaza sauti.